Winga anaumwa kisigino kwa mwezi wa 7 mfululizo: achomwe sindano amalize msimu?

kocha_msaidizi_mza
Wakuu habari. Winga wa ligi kuu, miaka 27, kilo 74. Kisigino cha kushoto kinauma kwa chini, upande wa ndani. Akiamka, hatua kumi za kwanza anachechemea. Akishapasha misuli maumivu yanapungua, ila kesho yake baada ya mechi kukanyaga ni shida. Eksirei imeonyesha kimfupa kimechomoza kisiginoni. Tumempumzisha wiki 3, mara mbili, akirudi yanaanza upya. Zimebaki mechi 9 na viongozi wanataka achomwe sindano. Mnasemaje?

fizio_benchi
Mkuu, kimfupa hicho kiacheni, wapo wengi wanacho na hawaumwi popote. Dalili ulizoeleza ni za ule ukanda mgumu wa unyayo, unaotoka kisiginoni kwenda kwenye vidole. Mapumziko matupu yanatuliza maumivu lakini hayaupi ukanda nguvu, kwa hiyo anarudi kwenye mbio zilezile na unyayo dhaifu kuliko alioondoka nao.

Zoezi la msingi: asimame kwenye ngazi kwa mguu mmoja, kisigino kikiwa hewani, na chini ya vidole aweke taulo lililokunjwa duara ili vidole viinuke juu kabisa. Apande kwa sekunde 3, abaki juu sekunde 2, ashuke kwa sekunde 3. Siku moja ndiyo, moja hapana. Wiki 2 za mwanzo mara 12 kwa seti 3, kisha avae begi lenye vitabu afanye mara 10 kwa seti 4, na kuanzia wiki ya 5 mara 8 kwa seti 5 na mzigo zaidi. Uzito ni sahihi pale ambapo mara moja ya ziada ingemshinda.

Wengi wanaharibu kwenye taulo: likiwa jembamba vidole havipindi, na hapo anafanyisha kazi shavu la mguu tu. Kosa jingine ni kukunja goti na kudundadunda. Na msimpe zoezi hili siku moja kabla ya mechi.

Asubuhi, kabla hajashuka kitandani, apandishe mguu juu ya goti la pili, avute vidole kuelekea muundi mpaka kidole gumba cha mkono kiusikie ukanda umekaza kama waya. Sekunde 10, mara 10, na arudie mchana na jioni. Matokeo myahesabu kwa miezi, kama 3 hivi. Wiki ya 4 ndipo wengi wanapokata tamaa.

mtunza_vifaa
Angalieni na daluga. Shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, kisha ibinye. Ikijikunja katikati ya soli, hiyo haimfai. Inatakiwa ijikunje pale vidole vinapoanzia. Kwenye nyasi bandia kama za Nyamagana asivae meno marefu ya chuma, avae yale mafupi mengi. Weka kipande cha kuinua kisigino cha milimita 6 hadi 10, viatu vyote viwili. Na nyumbani asitembee peku kwenye sakafu ya saruji, hata kwenda bafuni.

Plasta ngumu ya kubandika unyayoni inasaidia siku ya mechi, ila jasho linailegeza. Mbadilishie mapumzikoni.

dakta_wa_zamu
Kuhusu sindano ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu: inapunguza maumivu kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu anakimbia kwa kasi kamili juu ya ukanda ambao dawa yenyewe inaweza kuudhoofisha hadi ukachanika. Mafuta yaliyo chini ya kisigino kama mto nayo yanaweza kusinyaa, na hayo hayarudi kirahisi. Tena tangu 1 Januari 2022 sindano zote za dawa hizo zimepigwa marufuku kipindi cha mashindano, kinachoanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mechi. Mabaki yake yakikutwa kwenye mkojo wakati hana kibali cha tiba, mwenye kesi ni mchezaji. Viongozi waelezwe hilo kabla ya lolote.

Kabla ya mazoezi, bana kisigino kwa viganja kutoka pande zote mbili. Akiruka kwa maumivu, huenda mfupa una ufa, akapigwe picha ya MRI. Ganzi au kuungua kama pilipili ni habari ya mshipa wa fahamu.

kocha_msaidizi_mza
Nimembana, hakusikia kitu. Ganzi hana. Sasa hizo mechi 9 acheze au asicheze?

fizio_benchi
Acheze kwa vipimo. Kila asubuhi akupe namba ya maumivu ya hatua za kwanza, 0 hadi 10. Ikiwa 3 kushuka chini, anafanya mazoezi yote. Ikiwa 4 au 5, mbio za kasi mtoe, umpe baiskeli. Ikizidi hapo, au ikiwa bado juu siku 2 baada ya mechi, inayofuata aanzie benchi. Mechi mbili ndani ya wiki moja msimpe kwa sasa.

dakta_wa_zamu
Na akisikia "pa!" unyayoni, kisha upinde ukavimba na kuwa na wekundu wa damu, mtoeni hapohapo. Peyton Manning wa mpira wa Kimarekani ukanda huo ulimchanika 2015 na Februari 2016 akatwaa ubingwa, lakini yule kazi yake ni kusimama na kurusha, si kukimbiza beki pembeni dakika 90.

kocha_msaidizi_mza
Taulo na begi tunaanza leo jioni. Nitaleta namba zake hapa kila Jumatatu.