Mbegu za mkrismasi hazioti, na mti upandwe umbali gani na nyumba?

BusweluKijani: Wakuu, habari. Mbegu 40 za mkrismasi (ule wa maua mekundu, Delonix regia) zililowekwa maji baridi siku mbili, zikasiwa kwenye viriba. Wiki ya tano hii, zimeota 3 tu. Zimeoza? Pia, mbele ya nyumba kuna mita 12 hadi uzio. Panatosha?

Mkulima_wa_Miche: Hazijaoza zote, mkuu. Mti huu kwao ni Madagaska, misitu mikavu ya magharibi, na ganda gumu la mbegu yake linazuia maji ili mbegu isubiri msimu. Maji baridi hayapenyi.

Zifukue. Bonyeza kila moja kwa ukucha: laini tupa, ngumu bado ni nzima. Shika kikata kucha, toboa ganda kidogo upande ulio mbali na kitovu (kovu dogo mbegu iliposhikamana na tunda), mpaka uone weupe tu. Ukikata kwenye kitovu unaua kiini. Kisha loweka saa 24. Iliyofura karibu mara mbili isie siku hiyohiyo, kina cha sentimita 2. Ambayo haijafura, toboa tena. Nyingi huchomoza ndani ya wiki mbili.

Mbegu zikiwa nyingi, chemsha maji, *epua*, ndipo uzitumbukize na kuziacha humo hadi kesho yake. Wengi wanaharibu hapa: wanaziacha zitokote jikoni.

Igoma_Bustani: Naongezea udongo. Ndoo 3 za udongo wa juu, 1 ya mchanga, 1 ya samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi na kumwagilia jioni vinaleta kinyausi: shina linanywea usawa wa udongo, mche unalala. Mwagilia asubuhi. Kiriba kiwe kirefu, mzizi mkuu unashuka haraka na ukijikunja chini mti utayumba maisha yake yote. Hamishia shambani vuli ikishakolea, shimo la sentimita 60 kila upande.

Mkulima_wa_Miche: Na kama hapo ni udongo mweusi wa mbuga, unaotuamisha maji, panda juu ya tuta.

BusweluKijani: Asanteni sana. Na zile mita 12?

Nyegezi_Mawe: Hapo ndugu mimi nakataa. Mizizi yake inatambaa juujuu na kunenepa, inainua sakafu, inapasua karo la maji machafu. Mwamvuli wake unaweza kuwa mpana kuliko urefu wa mti. Matawi ni mepesi kukatika, na upepo wa ziwani haubembelezi. Mita 10 kutoka ukutani ndiyo salama, maana yake utabakiwa na mita 2 hadi uzio. Uzio wa tofali utapasuka.

Mkrismasi upeleke kwenye uwanja wa shule au kanisa, utanuke unavyotaka. Hapo nyumbani weka franjipani nyeupe ya visiwa vya Karibea: mti mdogo, mizizi mipole. Kata tawi la sentimita 40, liache kivulini wiki moja hadi utomvu ukauke na kidonda kifunge, ndipo ulichomeke kwenye mchanga. Ukilichomeka bichi linaoza kuanzia chini.