Naomba ushauri: je, ushairi wa majaribio na picha za watu za mwanzoni mwa karne ya 20 bado vina upya?

Habari zenu, ndugu zangu. Nimepewa jukumu la kuongoza mjadala wa kikundi chetu cha usomaji kuhusu mwandishi Mmarekani Gertrude Stein na mchoraji Mhispania Pablo Picasso, na kuna jambo linalonitatiza ambalo naomba mnisaidie kulipima. Picasso alianza kumchora Stein mwaka 1905, akamkalisha mbele yake mara nyingi, kisha akaufuta uso na kuuchora upya mwaka 1906 bila Stein kuwapo, ukiwa mzito na mkavu kama kinyago. Kila nikiutazama uso ule nashtuka, kana kwamba rangi haijakauka. Stein naye alimchora Picasso kwa maneno mwaka 1923, katika kazi ambayo maneno yale yale hurudiwa na kugeuzwa kidogo kidogo hadi maana inayeyuka na kubaki mdundo.

Hapo ndipo ninapokwama. Nikiisoma kimya kazi hiyo inanichosha, na nahisi ujasiri wake umezeeka kwa kuwa marudio ya namna hiyo sasa tunayakuta hata katika matangazo ya biashara. Lakini nikiisoma kwa sauti, inaamka (huenda sikio husamehe upesi kuliko jicho).

Naomba wenye uzoefu wa kufundisha kazi za aina hii mnishauri: je, nianze na picha au na maneno, na nieleze historia mapema au niwaache wenzangu kwanza wakutane nazo bila maelezo? Mimi naegemea kuwaacha, ila nahofia kuwapoteza wasio na subira.