Kuhamisha seva ya Java kwenda wingu jipya: tupandishe toleo kwanza, au tuhame na kila kitu kwa mpigo mmoja?

Mleta mada

Wadau, kila jukwaa la wingu linapotangaza kwamba toleo lake la zamani linafungwa, timu zenye programu za Java huingia kwenye ubishi ule ule, na mara nyingi anayeshinda ni mwenye cheo, si mwenye hoja. Nauleta hapa tuuchambue.

Chukua programu iliyoandikwa miaka mingi iliyopita. Inakaa ndani ya seva ya programu kama Tomcat 8 au JBoss, inaendeshwa na Java 8, na bado inafanya kazi kila siku. Jukwaa jipya linataka kontena (kifurushi chenye programu na kila inachohitaji ili kuwaka) na Kubernetes, mfumo wa kuendesha kontena nyingi, na timu inataka Java 17 au 21. Wapo wanaosema hama kama ulivyo, utatengeneza ukishafika. Wapo wanaosema fanya yote kwa pamoja uondokane nayo. Mimi nasema pandisha toleo la Java na la seva ukiwa bado kwenye jukwaa la zamani, watumiaji wakiwa juu yake, mambo yatulie, ndipo uhame.

Kupandisha toleo peke yake ni kazi nzito kuliko wengi wanavyoiweka kwenye ratiba. Oracle iliikabidhi Java EE, yaani viwango vya programu za seva za Java, kwa Eclipse Foundation mwaka 2017, ikaitwa Jakarta EE. Pande hizo mbili hazikuafikiana kuhusu matumizi ya `javax`, jina linaloanzia vifurushi vya msimbo wa viwango hivyo, kwa hiyo Jakarta EE 9, mwaka 2020, ikahamisha kila kitu kwenda `jakarta`. Tomcat 9 inajua `javax` tu, Tomcat 10 inajua `jakarta` tu. Spring Boot 3, toleo la kiunzi maarufu cha kuandikia programu za Java lililotoka Novemba 2022, iko upande wa `jakarta` na haikubali chini ya Java 17. Kwa hiyo si msimbo wako peke yake unaobadilika. Kila maktaba uliyoichukua kwa watu, inayogusa servleti (msimbo unaopokea maombi ya wavuti) au hifadhidata kupitia JPA, lazima iwe na toleo jipya. Ile ambayo mwenyewe aliitelekeza zamani, hiyo ni kazi yako sasa.

Ubaya wake ni kwamba makosa mengine hayapigi kelele. Weka programu yenye servleti za `javax` zilizoandikishwa kwa anotesheni ndani ya Tomcat 10: seva inawaka vizuri, kwenye logi huoni kosa, lakini ukifungua anwani unapata 404, yaani ukurasa haupo. Ongeza hapo kwamba Java 11 iliondoa JAXB na JAX-WS, zana za XML na huduma za wavuti, ndani ya JDK (kifurushi cha Java chenyewe), na Java 17 ikafunga mlango kwa maktaba zilizozoea kuchungulia sehemu za ndani za JDK.

Sasa fikiria unakutana na 404 hiyo kwenye jukwaa ambalo pia limebadilisha njia ya maombi, vyeti vya usalama, majina ya ndani ya mtandao na mahali logi zinapokaa. Utaanza kutafuta wapi? Kwenye jukwaa la zamani jibu lingekuwa moja, kwa sababu kilichobadilika ni kimoja.

Karibuni, na anayepinga apinge kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, napinga. Hoja yako ni nzuri kwa anayepewa muda na fedha mara mbili. Majaribio ya programu kubwa yanagharimu sana: watu wa biashara waache kazi zao, wapitie kila ripoti, wasaini. Ukiwaita kwa ajili ya toleo, kisha uwaite tena kwa ajili ya jukwaa, mara ya pili hawaji kwa moyo. Wanasaini bila kuangalia, na hiyo ni hatari kuliko hiyo 404 yako.

Pili, kuna mahali ambapo ushauri wako hautekelezeki. Mazingira ya Java 8 ya Google App Engine, jukwaa la wingu la Google, yalifikia mwisho wa kuhudumiwa Januari 2024. Ndani yake usingeweza kusimika Java 17 hata ungependa. Toleo la Java na jukwaa vilikuwa kitu kimoja. Mtu wa namna hiyo unamwambia apandishe wapi?

Mchangiaji wa pili

Mimi niko na wanaohama kama walivyo. Fungasha Tomcat yako na Java 8 ndani ya kontena, ipeleke, maliza. Kontena ndiyo maana yake: ndani yake unabeba uzee wako wote na jukwaa halijali.

Mleta mada

Nianze na wa pili, maana hapo kuna mtego ambao watu wanaingia wakidhani wako salama. Jukwaa halijali, kweli, lakini Java inajali. Java 8 za mwanzo hazikujua kwamba ziko ndani ya kontena. Zinasoma memori ya mashine nzima na kujiwekea ukomo wa robo yake. Kontena umeipa GB 2, mashine ina GB 64, Java inadhani inaruhusiwa kufika GB 16. Inapanuka mpaka kernel (kiini cha Linux) inaiua, na unachokiona ni namba 137 bila maelezo mengine. Marekebisho yaliletwa na 8u191, sasisho la Java 8, mwaka 2018, watu wakashukuru. Kisha majukwaa mapya yakahamia kwenye toleo la pili la cgroups, utaratibu wa Linux wa kuwekea kontena mipaka, ambalo 8u191 haliwezi kulisoma, kwa hiyo Java iliyokuwa imefunguliwa macho ikarudi gizani. Unahitaji 8u372 au zaidi, au 11.0.16 kwa wa Java 11.

Utasema utaweka ukomo wa memori mwenyewe kwa `-Xmx`. Sawa, memori umeidhibiti. Lakini idadi ya vichakataji bado inasomwa vibaya, na Java hutumia idadi hiyo kuamua ifungue nyuzi ngapi za kuzoa taka za memori. Programu inakuwa nzito na hakuna anayejua kwa nini. Kama umepandisha toleo kabla ya kuhama, unafika ukiwa na Java inayolielewa jukwaa. Hiyo ndiyo faida ninayoipigania.

Kwa wa kwanza: pale toleo na jukwaa vimefungwa pamoja, tafuta kituo cha katikati, mashine pepe ya kawaida isiyo na Kubernetes wala chochote. Pandisha toleo hapo, peleka sehemu ndogo ya watumiaji, jifunze. Kuhusu kuwaita watu wa biashara mara mbili, umesema kweli na sitalipuuza. Ila uzito wa majaribio hayo hauko sawa. Toleo jipya linaweza kubadilisha hesabu, mpangilio wa tarehe, herufi. Java 9, kwa mfano, ilibadilisha chanzo cha msingi cha miundo ya tarehe na fedha za nchi mbalimbali, na ripoti zilizokuwa sahihi zikatoka na alama tofauti. Hayo yanahitaji jicho la mwenye biashara. Kuhama jukwaa kunahitaji zaidi jicho la fundi: kasi, kuanguka na kuinuka, usalama. Waite watu wa biashara kwa nguvu mara ya kwanza, mara ya pili kwa sampuli.

Mchangiaji wa tatu

Nyote mnabishana kuhusu kumhamisha marehemu. Seva ya programu imepitwa na wakati. Andika upya kwa viunzi vya kisasa kama Quarkus au Spring Boot, gawanya programu iwe huduma ndogondogo, ndipo uende kwenye wingu. Vinginevyo unalipa gharama za wingu kwa tabia za 2005.

Mchangiaji wa nne

Ndugu wa tatu, umewahi kufungua programu ya aina hiyo ukasoma kilichomo? Ndani kuna sheria za biashara ambazo hazipo kwenye waraka wowote, ziko kwenye msimbo tu. Anayeandika upya anaandika anachokumbuka, na asichokumbuka kinajitokeza siku ya kufunga hesabu. Halafu seva zenyewe hazikukaa kusubiri kifo. WildFly, jina jipya la JBoss ya bure, leo inaweza kufungwa pamoja na programu ikawa faili moja la kuwasha, na Open Liberty, seva nyingine, inapakia vipengele unavyovihitaji tu. Seva moja, programu moja, kontena moja, inaenda.

Kinachowakwamisha watu ni vitu vinavyoishi ndani ya seva na havitakiwi kuishi humo. Sesheni ya mtumiaji iko kwenye memori, kwa hiyo kontena ikizimwa mtu anarushwa nje akiwa katikati ya ombi lake. Faili zilizopakiwa ziko kwenye diski ya ndani, zinapotea na kontena. Kazi za usiku zinaendeshwa na saa ya EJB, kipima muda kilicho ndani ya seva; ukiweka nakala tatu bila mpango zinaendeshwa mara tatu. Na seva za JBoss kwenye klasta (kundi la seva zinazofanya kazi pamoja) zilizoea kutafutana kwa maltikasti, ujumbe unaotumwa kwa wote kwa mpigo, ambayo mitandao mingi ya wingu hairuhusu. Zinawaka, hazionani, kila moja inaamini iko peke yake. Kwenye Kubernetes unatumia njia nyingine za kutafutana, KUBE_PING au DNS_PING. Yote haya, isipokuwa hilo la mwisho, unaweza kuyatoa ukiwa bado kwenye jukwaa la zamani. Kwa hiyo mimi namuunga mkono mleta mada, na nasema hata toleo lisubiri: kwanza toa hali, yaani data hizo zinazokaa humo, ndani ya seva.

Mchangiaji wa tano

Hakuna aliyeuliza kama kuna haja ya kuhama. Kampuni ya programu ya 37signals walitangaza Oktoba 2022 kwamba wanaondoka kwenye wingu na kurudi kwenye mashine zao, na walifanya hivyo. Mzigo wenu kama haupandi na kushuka, mnalipia unyumbufu msioutumia.

Mleta mada

Mkuu wa tano, swali hilo ni halali, na linaipa nguvu hoja yangu. Anayebaki naye hawezi kubaki na maktaba zilizozeeka. Log4Shell, tundu la usalama la Desemba 2021 kwenye maktaba ya Log4j, haikuuliza seva iko wingu gani au chumba gani. Ukianza na kupandisha toleo, halafu uongozi ubadili mawazo kuhusu jukwaa, hujapoteza kitu. Programu yako iko salama zaidi palepale ilipo. Ukiwa umeyafunga yote pamoja na mradi ukasimama katikati, unabaki na tawi la msimbo lisilowaka kokote, huku la zamani likiendelea kupokea marekebisho na kuzidi kuachana nalo. Mshika mawili moja humponyoka, na hapa yanaponyoka yote mawili.

Wa nne, nakubaliana nawe kuhusu kutoa hali ndani ya seva, na kwa sesheni na faili ningeanza nazo hata kabla ya toleo.

Mchangiaji wa sita

Swali kwa mnaotetea WildFly. Programu yetu inaandika kwenye hifadhidata na kwenye foleni ya ujumbe ndani ya muamala mmoja wa XA, yaani vyote vikubali au vyote vikatae. Kontena ikiuawa katikati ya muamala, nani anaumalizia?

Mchangiaji wa nne

Ukiiacha kama ilivyo, hakuna. Msimamizi wa miamala wa WildFly anaandika rekodi zake kwenye diski ya ndani. Kontena ikifutwa, rekodi zimefutika, na hifadhidata inabaki imeshikilia kufuli za muamala usio na mwenyewe mpaka mtu aingie kuukata kwa mkono. Una njia mbili: tumia StatefulSet, aina ya Kubernetes inayoipa kila nakala jina lake na diski yake ya kudumu, ili podi (nakala inayoendeshwa) ikirudi ikute rekodi zake na ikamilishe, au hamishia rekodi hizo kwenye hifadhidata. Kwa njia yoyote, kila nakala ipewe kitambulisho chake cha nodi. Zikiwa na kimoja, nakala moja inaweza kurudisha nyuma muamala ambao nyingine bado inaufanyia kazi.

Na upange muda wa kuzima. Kubernetes kwa kawaida inatoa sekunde 30 kabla ya kuua. Kama seva inawashwa na hati ya shell isiyopitisha ishara ya kuzima, Java haitajua kwamba ilipewa hizo sekunde.