Mwenye nyumba akisamehewe sheria, baridi inabaki kwa nani?

Mama Nasra: Jamani mliopanga Uingereza hebu tuliongee hili. England na Wales nyumba ya kupangisha inapewa cheti cha matumizi ya nishati, madaraja A mpaka G, A ndo bora na G ndo mbovu kabisa, na tangu Aprili 2020 ikiwa F au G hairuhusiwi kupangishwa. Ninayokaa mimi ni F. Nikajua nimempata mwenye nyumba, kumbe kaandikisha msamaha, miaka 5!

Msamaha wenyewe uko hivi, akileta makadirio ya mafundi 3 kwamba hata kazi ya bei ndogo kuliko zote kwenye mapendekezo ya kupunguza matumizi ya nishati inazidi pauni 3,500, basi halazimiki kutoa hata peni moja. Hapo ndo pananiuma. Maana mimi huku asubuhi kabla sijamwamsha mwanangu naanza na taulo, nafuta maji yanayotiririka kwenye kioo, nyuma ya kabati ukutani kuvu nyeusi imepanda mpaka usawa wa kiuno, naisugua Jumamosi Jumatano imerudi. Mita ni ya kulipia kabla, kama luku, naweka pauni 10 Ijumaa, Jumapili usiku inalia, tunalala na makoti.

Bakari: Pole dada yangu, ila na sisi tusikilizwe. Mimi nina nyumba moja tu nimepangisha huku, bado nalipa mkopo wa benki. Ni ya matofali ya zamani, ukuta mmoja mzito usio na uwazi katikati wa kujaza pamba ya kuzuia baridi, kwa hiyo ni kuuvika ukuta wote, na fundi wa kwanza aliyekuja alitaja hela inayopita kodi yangu ya mwaka. Mkitubana tutauza halafu wapangaji mtaenda wapi? Na wapo wapangaji wenyewe wanakataa fundi asiingie, huo nao ni msamaha.

Mama Nasra: Kaka Bakari, la mpangaji kukataa fundi nakubali, hapo usilaumiwe. Na ukuta nimekuelewa kabisa. Lakini ukiuza, msamaha hauhami na nyumba, anayenunua akitaka kupangisha anaanza upya, kwa hiyo kuuza hakuikwepeshi hiyo kazi. Halafu sijasema uvunje ukuta, nasema wewe umesamehewa gharama, mimi je nimesamehewa nini? Kodi nalipa ileile kama wa nyumba yenye joto, na juu yake nalipia joto linalotokea dirishani. Msamaha ukitolewa kodi ishuke kwa muda wote wa msamaha, na mpangaji aambiwe kabla hajasaini. Daftari la misamaha liko wazi mtandaoni mtu yeyote anaweza kutafuta, ila mimi nimelijua baada ya baridi ya pili, nani angeniambia?

Na tusisahau, Septemba 2023 serikali ya Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, ilifuta mpango wa kupandisha kiwango cha chini kiwe C, serikali ya sasa imeurudisha inataka C ifikapo 2030. Mimi naunga mkono, lakini kiwango kikipanda na mlango wa misamaha ukaachwa ulivyo, nyumba mbovu kabisa ndo zitapita humohumo, maana ndo ghali kutengeneza, na ndo tunazokaa sisi wa kipato kidogo.

Wa Birmingham, wa Reading, angalieni leo cheti cha nyumba zenu, mkikuta F au G tafuteni na kwenye daftari la misamaha, mje mseme mmekuta nini.