Ushauri: Nawezaje kuweka programu za Adobe kwenye kompyuta 22 bila kuzizungukia moja moja?

MamaTehama_Dom
Habari za leo wakuu. Mimi ni fundi wa TEHAMA kwenye chuo kimoja hapa Dodoma, niko na kijana mmoja tu wa field. Tuna maabara ya usanifu yenye kompyuta 16, na kitengo cha mawasiliano kina 6. Baada ya kuombea bajeti miaka miwili, safari hii tumelipiwa leseni halali za Adobe. Nilifurahi kweli.

Shida ni kuziweka. Nakaa kwenye kila kompyuta, naingiza nenosiri la admini, nashusha Photoshop, Illustrator, InDesign na Premiere Pro kutoka mtandaoni, nasubiri. Nikibahatika namaliza nne kwa siku. Juzi umeme ulikatika programu ya tatu ikiwa katikati, nikaanza upya, na bando la ofisi likaisha kabla ya saa kumi.

Kuna jambo lingine linaniuma zaidi. Watu wa mawasiliano walikuwa wananipigia kila sasisho likitoka, nikachoka, nikawapa nenosiri la admini. Siku mbili baadaye nikakuta kompyuta moja ina programu tatu nisizozijua.

Seva ya Windows ipo, domeni ipo (kompyuta zote zinasimamiwa na seva hiyo), kompyuta zote ni Windows 11, za maabara zina RAM ya GB 8. Wanafunzi wanaingia maabara Jumatatu ya wiki ijayo. Wenye uzoefu naomba mnisaidie.

Fundi_Nkuhungu
Pole sana dada. Kwanza acha kabisa kushusha kwenye kila kompyuta. Ingia Adobe Admin Console, ukurasa wa mtandaoni wa kusimamia leseni zenu, sehemu ya paketi, utengeneze paketi yako mwenyewe: unachagua programu, lugha na aina ya Windows, halafu unaishusha mara moja tu. Ishushe usiku. Ndani utakuta folda ya Build yenye setup.exe, faili la kuanzisha usakinishaji. Folda hiyo nzima ndiyo inawekwa kwenye seva, na kompyuta zote zinachukua humo kwa waya wa ndani. Bando haliguswi tena.

Usizifunge programu zote nne kwenye paketi moja. Kila programu na paketi yake, ili moja ikigoma zisikwame zote.

Na hilo la nenosiri lina dawa humohumo. Unapotengeneza paketi kuna chaguo la kumruhusu mtumiaji asiye admini asasishe programu kupitia Creative Cloud, ile programu ya Adobe inayoweka na kusasisha nyingine. Liwashe kwa zile 6 za mawasiliano, halafu badilisha nenosiri la admini leo hii. Usingoje kesho.

Kijana_wa_Singida
Dada, yote haya ya nini? Kuna jamaa wana Photoshop kwenye flashi, haiulizi leseni wala intaneti. Sisi tunatumia hiyo na kazi zinaenda.

Mzee_wa_Seva
Mwanangu wa Singida, sikufokei, ila usimshauri mtu wa taasisi hivyo. Ili hizo za flashi zikubali, unaambiwa kwanza uzime kinga ya virusi. Ukishaizima kwenye kompyuta iliyo ndani ya domeni, umefungua mlango wa seva nzima, yenye matokeo ya wanafunzi na mishahara. Nimeshakaa siku nne narudisha mafaili ya ofisi moja yaliyofungwa na virusi vya kudai fidia, na chanzo kilikuwa programu ya namna hiyo. Na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Dada ana leseni halali. Tumsaidie azitumie.

Sasa MamaTehama, kabla hujatengeneza chochote: leseni zako ni za aina gani? Ya mtu kwa jina inamfuata mtu, anaweza kuiwasha kwenye kompyuta mbili na kutumia moja kwa wakati. Hiyo inafaa mawasiliano. Maabara inataka leseni ya kifaa cha pamoja, ambayo inakaa kwenye kompyuta, na mwanafunzi yeyote anaingia kwa akaunti yake. Ukiweka paketi ya aina ya kwanza maabara, Jumatatu utaona watu wanarudishwa mlangoni. Aina hizo mbili usizichanganye kwenye kompyuta moja.

MamaTehama_Dom
Shikamoo mzee. Nimeangalia sasa hivi: 16 ni za kifaa cha pamoja, 6 ni za majina. Kumbe ndiyo maana namba zilikuwa zimegawanywa vile kwenye ankara, na mimi nikadhani wamekosea! Nenosiri nimeshabadilisha. Paketi zinashuka.

Nimewaza kuandika skripti (faili la amri) kwenye Group Policy, ile sehemu ya seva inayotuma maagizo kwa kompyuta zote za domeni, ili kompyuta ikiwaka iendeshe setup.exe --silent, yaani kimyakimya, moja kwa moja kutoka kwenye seva. Itakubali?

Mzee_wa_Seva
Marahaba. Itaanza vizuri, halafu itakufia njiani. Skripti za kuwasha kompyuta zina kikomo: usipokibadilisha, Windows inazisubiri sekunde 600, yaani dakika kumi, kisha inazikatisha. Adobe kwenye diski za zamani haimalizi kwa dakika kumi. Hapo wengi wanaanza kuilaumu paketi, na paketi haina kosa.

Gawa kazi mara mbili. Kwanza nakili paketi kwenda kwenye diski ya kila kompyuta kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili mafaili, ukiweka /Z, ili umeme au mtandao ukikatika iendelee ilipoishia. Weka folda ya jina fupi, kama C:\Paki, kwa sababu mafaili ya humo yana njia (anwani ya faili) ndefu na Windows hukwama kwenye herufi 260. Pili, kwa Group Policy hiyohiyo tengeneza kazi ya ratiba itakayoendesha setup usiku kama SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe.

Jambo linalosahaulika kila mara: SYSTEM ikienda kwenye seva inajitambulisha kwa jina la kompyuta, siyo la mtu. Folda yako ya pamoja lazima iwape Domain Computers, yaani kundi la kompyuta zote za domeni, ruhusa ya kusoma. Bila hiyo utakesha ukitafuta kosa.

Mwalimu_Mchoraji
Nafundisha usanifu, niongeze la darasani. Kwa GB 8 Photoshop inafunguka, hicho ndicho kiwango chake cha chini, lakini ukiweka Premiere Pro kwenye mashine hizo wanafunzi watakaa wanaangalia duara likizunguka. Weka Premiere Pro kwenye zile zenye RAM ya 16 tu. Maabara waongezee Inkscape ya kuchora na GIMP ya kuhariri picha. Ni za bure, mwanafunzi anaweza kuziweka kwenye kompyuta yake nyumbani akaendelea na zoezi, na Inkscape ina faili la msi (la usakinishaji wa Windows) linalokubali kusambazwa kwa Group Policy bila shida.

Pia fungueni mashine mpulize vumbi kabla ya zoezi la usiku. Kiangazi hiki cha Dodoma feni zimejaa, na kusakinisha saa mbili mfululizo kunazichemsha.

Fundi_Nkuhungu
Anza na kompyuta moja ya maabara na moja ya mawasiliano. Ingia kama mwanafunzi, siyo kama admini, fungua kila programu, hifadhi faili, chapisha. Zikipita ndipo uachie nyingine.

MamaTehama_Dom
Nimerudi wakuu, leo Jumapili. Mbili za majaribio zilipita Ijumaa, tukapuliza vumbi zote, usiku nikaachia zilizobaki. Asubuhi nimekuta 21 zimekamilika kati ya 22. Umeme ulikatika saa saba usiku wakati wa kunakili, robocopy ikaendelea ilipoishia. Ile moja iliyogoma diski ilikuwa imejaa video za zamani, nimezihamisha na sasa inaendelea. Premiere Pro iko kwa mawasiliano tu, wao wana 16.

Kijana wangu wa field ameandika hatua zote kwenye daftari la ofisi. Nimefurahi sana kwa hilo, maana mwezi ujao tawi letu la Kondoa wana kompyuta 9, na atakwenda yeye na diski ya nje.

Swali la mwisho: maabara sijawaruhusu wanafunzi kusasisha. Masasisho nitayapeleka vipi?

Mzee_wa_Seva
Hongereni nyote wawili. Kuna Remote Update Manager, zana ya Adobe ya kusasisha kutoka mbali, unaiwasha kwenye paketi yenyewe. Baada ya hapo kazi ya ratiba inaiita usiku mmoja kwa mwezi, ikiwa admini. Ila usiiache iende bure katikati ya muhula, mfumo ukibadilika sura mwalimu atapotea mbele ya darasa. Panga wakati wa likizo. Kijana akifika Kondoa, aangalie nafasi ya diski kwanza kabla ya kuchomeka chochote.