Nasoma riwaya kwenye simu kila usiku, usingizi hauji. Nirudi kwenye kitabu cha karatasi?

Karani wa Mizani
Wakuu, habari za jioni. Niko Newala, karani wa chama cha msingi cha wakulima, na msimu wa korosho ndio huu. Saa kumi na mbili asubuhi watu wameshapanga magunia mlangoni. Mtu kaja na mzigo wake kwa bodaboda tangu kijijini, hana habari na usingizi wangu.

Shida ni usiku. Mimi si wa video. Nasoma riwaya, zile PDF tunazorushiana kwenye magrupu. Napanda kitandani saa nne, nazima taa, nashika simu, nikija kushtuka ni saa saba. Nikiiweka chini macho yanawasha kama yametiwa mchanga, ila usingizi haupo. Nageukia ubavu huu, nageukia ule, mpaka saa nane na ushee.

Wiki iliyopita nimemwandikia mzee mmoja kilo 86 kwenye stakabadhi, wakati mizani ilisoma 68. Alirudi mwenyewe: "Mwanangu, korosho zangu hazijazaana njiani." Aibu niliyoona, mpaka leo nikimkuta napita njia nyingine.

Mama watoto anasema mchawi ni simu. Mimi nabisha: kusoma ni kusoma, iwe kioo iwe karatasi. Nani yuko sahihi?

Mkorosho Mkavu
Shemeji yuko sahihi. Uzi ufungwe.

Nesi wa Lindi
Kaka, swali lako hilohilo watafiti wa Boston, Marekani, walilifanyia kazi, majibu yakatoka mwishoni mwa 2014. Watu 12, jioni tano walisomea kwenye tableti kwa masaa manne, jioni nyingine tano kitabu cha karatasi chini ya taa hafifu. Kulala ni saa nne usiku, kuamka saa kumi na mbili, kila mtu. Siku za tableti usingizi ulichelewa kwa karibu dakika 10, melatonini (homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia) ikashuka kwa zaidi ya nusu, na asubuhi waliamka wazito ingawa muda wa kulala ulikuwa uleule.

Simu inakumulika jichoni, na mwanga wake una bluu nyingi, ambayo mwili unaichukulia kuwa mchana. Karatasi haina mwanga wake. Inaazima wa taa.

Fundi wa Chuno
Dada nesi, heshima yako, lakini dakika 10? Mwenzetu anapoteza masaa! Na hiyo tableti nasikia iliwashwa mwanga wa mwisho, nani anasoma hivyo gizani?

Mimi naona mwizi ni kwamba simu haina ukurasa wa mwisho. Umemaliza PDF moja, grupu limeshusha nyingine, katikati meseji imeingia, na saa sita bando la usiku linaanza, unaona hasara kulala. Ila na karatasi msiitukuze sana. Niliwahi kushika kitabu cha upelelezi, cha karatasi kabisa, nikakutwa nacho na adhana ya alfajiri. Chagua kitabu kilichopoa.

Nesi wa Lindi
Hapo kwenye bando umenipata, fundi 😂. Nakubali, mwanga ni sehemu tu. Lakini Karani, hata hiyo taa nyeupe ya dari si rafiki. Tafuta yenye rangi ya njano, ikae nyuma ya bega, imulike ukurasa. Umeme ukikatika tumia tochi au taa ya sola. Koroboi karibu na neti, USITHUBUTU. Wodini nimepokea waliothubutu.

Mama Mikindani
Mwanangu, simu ichajie sebuleni. Kengele utaisikia tu, na kuizima itabidi unyanyuke. Ukishuka Mtwara mjini pita maktaba ya mkoa. Na uliza waalimu wastaafu hapo Newala, maboksi ya vitabu yamejaa chini ya vitanda vyao.

Karani wa Mizani
MREJESHO, siku ya tisa. Mama Mikindani, ubarikiwe. Mwalimu wangu wa darasa la sita kanipa riwaya ya zamani, gamba limefungwa na uzi wa gunia, inanuka kabati. Simu iko sebuleni. Siku mbili za kwanza nilikuwa naamka kwenda "kunywa maji" na kuichungulia, nisiwadanganye. Sasa nafika kurasa sita, saba, herufi zinaanza kuogelea, kitabu kinanidondokea kifuani. Jana mama watoto ndiye aliyezima taa, hata saa tano haijagonga.

Ila kuna jambo: nimefunua mwisho nikakuta panya wamekula kurasa zote za mwisho. Mwalimu nimemuuliza inaishaje, anacheka tu, anasema niendelee kusoma.