Spika za kusikilizia taarabu: mbona runinga haikunipa taabu hii?

Mkaazi wa Mkomani: Assalamu alaykum. Nataka kununua amplifaya na jozi ya spika kwa ajili ya taarabu, nami nasita kati ya ndefu za kusimama sakafuni na ndogo za kuweka rafuni. Runinga niliinunua kwa saa moja. Hili limenikalisha miezi mitatu, na kila ninayemwuliza humpinga aliyenijibu kabla yake. Sababu ni nini?

Fundi wa Malindi: Wa alaykumu salaam. Hukutaja ukubwa wa chumba wala fedha uliyo nayo, kwa hiyo utajibiwa kwa mapenzi tu. Runinga huja na kioo chake, lakini spika huazima chumba kizima, kuta na dari zikawa sehemu ya chombo.

Binti Shela: Tena picha mbili huwekwa ubavu kwa ubavu, ilhali sauti mbili husikilizwa kwa zamu, na ya kwanza huwa imekwisha kusahaulika. Mimi niliuziwa amplifaya hivyo: muuzaji aliifungulia ile ya ghali sauti ya juu kidogo, nikaiona ina uhai zaidi, nikatoa akiba ya mwaka. Nyumbani ndugu yangu alileta yake ya rahisi, akazisawazisha, nikashindwa kuzitambua. Kisha hewa ya chumvi ikala vishikizo vya waya, na hapo tofauti ikasikika kweli.

Mzee wa Santuri: Mwanangu, ulicheza kisahani cha CD, ndiyo maana. Santuri ingalikuonyesha.

Fundi wa Malindi: Ami, kwa heshima, kisahani hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na hilo latosha kubeba mitetemo 20,000, ambao ni mpaka wa sikio changa. Langu na lako hayafiki huko.

Mzee wa Santuri: Sikio langu liache.

Mkaazi wa Mkomani: Chumba ni msana, ule ukumbi mrefu mwembamba wa nyumba ya zamani, upana mita 2.8, kwa kuwa urefu wa boriti za dari ndio ulioamua, na ukuta mmoja una zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo.

Fundi wa Malindi: Basi kuta hizo zitavumisha besi karibu na mitetemo 61 kwa sekunde, na spika ndefu zitakuongezea mvumo, hazitakuongezea sauti ya udi, ile ala ya nyuzi. Chukua ndogo, uziepushe na pembe.

Binti Shela: Kwetu pana msana kama huo, na ndefu hazivumi.

Fundi wa Malindi: Zimekaa wapi, na mazulia ni mangapi? Nawe Mkaazi, fedha hujaitaja bado.